Fundi wa Nguo za Mfalme

Bibi alikuwa hatazami nyuso. Tulipoketi kuangalia filamu yake, baada ya yeye kuswali alasiri na kunywa chai ya rangi, macho yake yalikuwa kwenye pindo la nguo, au mgongoni, au kwapani, popote isipokuwa usoni mwa mtu anayesema. Mfalme angeweza kumwaga machozi, yeye akanyoosha kidole kuelekea televisheni na kusema, "Tazama bega lile la kushoto lilivyopanda. Nilimwambia asije kupimwa keshalewa."

Filamu yenyewe ilikuwa ya Waingereza, ya zamani, ya kuchekesha na ya mambo ya kale. Mfalme mvivu amezingirwa ndani ya ngome yake, na adui aliyeko nje ni mvivu kumzidi, kwa hiyo hakuna anayepigana. Wanangojana tu, chakula kinapungua, malkia anazidi kununa. Niliambiwa Waingereza huicheka hadi leo na kurudiarudia maneno yake wakiwa mezani. Mimi niliitazama mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, na baba yangu ni mzee wa kanisa.

Nguo zote za filamu ile zilipita mikononi mwa Bibi, au ndivyo alivyosema. Siku nyingine zilikuwa zote, siku nyingine nusu. Alikuwa fundi katika karakana ya mavazi huko Uingereza, msichana wa Kizanzibari kati ya wanawake wa Kizungu walioshona huku sigara zikining'inia mdomoni. Alifikaje huko, na ni mtoto wa nani, sikumuuliza. Mimi nilimkuta keshakuwa kikongwe mwembamba wa kanga mbili na soksi za sufu, akiishi na mwanawe wa pekee kwenye ghorofa huko Silicon Oasis, Dubai. Nililetwa kutoka Molo kumtunza. Mwanawe nilimwita Sir, kama ilivyo desturi ya kazi zile. Yeye nilijaribu kumwita Madam, akakunja uso.

"Madam ndo nani? Mie bibi wa watu. Niite Bibi."

Mimi aliniita Mtoto wa Bara, hata mbele ya wageni, ingawa jina langu ni Nyambura na alilijua vizuri sana.

Ile nyumba ilikuwa nzuri, sitaisingizia. Marumaru, jokofu la milango miwili, kiyoyozi kinachonguruma mchana na usiku mpaka unavaa sweta huku nje jua linaunguza lami. Madirisha yalifunguka upana wa kiganja tu, kwa usalama. Zamani kidogo kabla sijafika, Bibi alikuwa ametoka peke yake akakutwa kituo cha basi saa saba mchana, ana kanga na mkasi, anauliza gari la Bur Dubai. Tangu hapo sheria ya Sir ilikuwa moja: mlango ufungwe, ufunguo akae nao mtunzaji, na Bibi asiachwe peke yake hata kidogo. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na mimi nilikuwa sitoki. Pasipoti yangu ilikuwa kwa Sir, ndani ya kabati la ofisini kwake, kwa usalama pia. Yeye ndiye aliyekuwa kafeel wangu, viza yangu ilisimama kwa jina lake, na bila ruhusa yake nisingeweza kuondoka. Neno usalama lilinichosha mno mwaka ule.

Lakini nataka kumweleza Bibi, si nyumba.

Alikuwa na siri za filamu ile zisizokwisha, na alizitoa kidogo kidogo kama mtu anayekupa karanga. Taji la mfalme lilikuwa bati la kuokea keki, likapakwa rangi ya dhahabu na kubandikwa peremende badala ya vito. Chini ya joto la taa zile peremende ziliyeyuka, na ukitazama sana wakati wa karamu utaona kitu chekundu kinamtiririka mfalme karibu na sikio. Watu walidhani ni damu, wakasifu. Jeshi kubwa la adui lilikuwa wanaume wachache sana, waliopita mbele ya kamera, wakazunguka mbio nyuma ya ngome, wakapita tena. Kofia zao alizishona yeye, za pande mbili, nyekundu nje na kijani ndani, nao walizigeuza wakikimbia. "Yupo mmoja kapitwa na akili," aliniambia, "kageuza nusu. Mtafute." Nikamtafuta miezi, nikampata, nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Ninayoipenda mimi ni ya gauni la malkia. Hariri haikutosha, kwa hiyo mbele gauni lilikuwa hariri na nyuma lilikuwa shuka kuukuu lililopigwa bandi, yaani kushikizwa kwa nyuzi ndefu za muda ambazo fundi huzifumua baadaye. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzifumua. Ndiyo sababu kila malkia akitoka chumbani hutoka kinyumenyume, uso kwa mfalme, akiinamisha kichwa.

"Wakasema ni adabu za kale," alisema Bibi akijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Maprofesa wameandika! Adabu gani? Alikuwa hana mgongo yule."

Kama maprofesa waliandika kweli, sijui. Bibi alikuwa na chumvi yake. Leo joho la mfalme limetokana na mapazia ya jumba la michezo lililofungwa, kesho limetokana na nguo za askofu aliyefariki. Siku moja nilipata kwenye simu ukurasa wa mtandao ulioorodhesha mambo ambayo watazamaji hawayajui kuhusu filamu ile, nikamsomea. Walisema joho lilikodishwa dukani. Alinikata kauli hapo hapo.

"Walikuwepo hao?"

"Sijui, Bibi. Ndivyo wameandika."

"Basi waache waandike. Endelea."

Nikaendelea. Walisema mwigizaji mmoja aliegemea ukuta wa ngome, ambao ulikuwa wa plasta, kiwiko kikatokea upande wa pili, na kicheko kinachosikika pale ni cha kweli. Hilo Bibi alikuwa ameniambia zamani. Akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba ukurasa ule umefaulu mtihani, na siku zilizofuata akawa ananiamuru, "Hebu fungua wale waongo wako tuwasikilize."

Kitu kimoja hakikuwa ndani ya ukurasa wowote. Malkia alikuwa mjamzito. Hakuna aliyejua, hata mkubwa wa filamu, kwa maana angefukuzwa. Bibi alijua kwa sababu fundi anayekupima kiuno ndiye wa kwanza kujua, na kila wiki alilegeza mishono ya pembeni kidogo bila kusema neno, wala malkia hakusema neno, wakatazamana tu kwenye kioo. Alinieleza hayo mara moja tu na hakuyarudia.

Alikuwa mtu wa sala tano, na bado alipenda mno sehemu ya watawa walevi wanaogombania pipa. Ukimuuliza kuhusu filamu yenyewe angekwambia ni upuuzi mtupu, kazi ya watu wasio na la kufanya. Ukikohoa wakati inaendelea, alikutazama kwa jicho. Mwishoni, majina yalipoanza kupanda kwenye kioo, alizima kabla hayajafika mbali. Siku moja rimoti ilikuwa kwangu nikayaacha yapande yote. Jina lake halikuwemo.

"Bibi, mbona hawakukuweka?"

"Mishono ile umeiona ama hukuiona?"

"Nimeiona."

"Haya basi. Tia maji ya chai."

Mikono yake ilikuwa haitulii. Wiki yangu ya kwanza alinivua sare ya kazi, ile ya kijivu ambayo Sir aliinunua kwa kukisia, akaifumua makwapa yote na kuishona upya kwa mkono, kwa sababu aliniona ninapoinua kikapu cha nguo inanibana. Mimi nilimtilia uzi kwenye sindano. Macho yake yalikuwa hayaoni tena tundu. Zile Ijumaa chache ambazo Sir alitupeleka Bur Dubai kwenye maduka ya vitambaa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitembea mbele. Alichomoa uzi kwenye jora la muuzaji bila kuomba, akawasha kiberiti, akauchoma na kuunusa. Hariri ya kweli inanuka kama nywele zinazoungua. Ikinuka plastiki alimrudishia mwenye duka jora lake na kumsomea Kiingereza cha Kizungu kabisa, mpaka Sir akawa anaomba radhi pande zote. Sir alikuwa mtu wa kuomba radhi. Hata alipokukatalia jambo, alikukatalia kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha.

Basi nije kwenye lililonikaba.

Nyumbani, mama yangu alikuwa anapoteza macho. Ni ugonjwa wa presha ya macho, daktari wa misheni alisema dawa zinachelewesha tu, hazirudishi. Lilianza jicho la kushoto, likafunga. La kulia likawa linafunga kutoka pembeni kuja katikati. Kumpigia simu ya video kutoka Dubai haikuwezekana, mitandao ya huko ilizuia, kwa hiyo nilimtumia picha, na mdogo wangu akaniambia mama anaisogeza simu hadi puani halafu anaipapasa kwa kidole. Tuliongea kwa sauti tu.

"Nyambura, njoo nikuone," aliniambia. "Sauti yako ninayo. Nataka uso."

Nilikuwa na haki ya likizo, ilikuwa imepita kitambo. Nilimwomba Sir.

"Of course, Nyambura. Lazima uende," alisema. "Tukipata mtu wa kukaa na mama. Mwezi ujao, inshallah."

Na kwa kweli alitafuta. Alileta dada mmoja wa Kampala, mpole, aliyewahi kufanya kazi hospitali. Bibi alimpa sindano na uzi. Yule dada akatia uzi kwa mara ya kwanza, nami nikamshukuru Mungu moyoni. Bibi akainusa mikono yake na kusema inanuka kitunguu. Akasusa kula siku nzima. Jioni dada akaondoka. Baadaye akaja Mkenya mwenzangu, msichana wa Kisii mwenye kicheko cha karibu. Bibi akamwekea filamu. Alicheka kila mahali, masikini, akidhani ndicho kinachotakiwa, na Bibi akalia kwa sauti mpaka Sir akatoka kwenye mkutano wake wa simu.

"Anakutaka wewe tu," Sir aliniambia jikoni, viganja viwili juu. "Anakupenda. Nifanyeje?"

Bibi naye, mlango ulipofungwa nyuma ya yule msichana, alinivuta mkono akaupigapiga. "Mie na wewe tu," alisema, uso umetulia kama mtoto aliyeshiba. Nilimchukia wakati ule. Nilimwosha, nikampaka mafuta miguu, nikamlaza, na nilimchukia kwa dhati. Kumbe Sir hakuwa ndiye kufuli. Kufuli ilikuwa ni yeye, na nilikuwa naibeba kila siku kutoka kitandani hadi kwenye kiti.

Katika siku hizo ndipo aliponieleza kisa cha Idi, akidhani kitanifurahisha. Mkubwa wa filamu alikuwa hataki vifungo wala zipu vionekane, kwa hiyo joho la mfalme lilishonwa mgongoni kila asubuhi yeye akiwa amesimama ndani yake, na kila jioni lilifumuliwa. Kazi ya kushona na kufumua ilikuwa ya Bibi peke yake. Siku za mwisho za Ramadhani aliwaambia wenzake Idi ni kesho kutwa, angefunga mpaka mwezi uonekane pale pale Uingereza. Jioni ikaja simu karakana: watu wa nyumba aliyokuwa akikaa wamefuata mwezi wa Makka, Idi ni kesho, pilau iko jikoni. Akajitupia ushungi, akalikimbilia basi. Mafundi wengine walikuwa wameshaondoka, kila mmoja akijua mfalme ni wa Bibi. Mfalme akabaki ndani ya joho.

"Hakutaka mtu mwengine aliguse, wasije wakalikata vibaya," Bibi alisema, anacheka hadi hana pumzi. "Wakampakia nyuma ya lori kasimama. Hotelini akalala kakaa. Choo, sikwambii! Asubuhi mie nimekaa kwenye mkeka, nimeshatia tonge mdomoni, n'kamkumbuka. Tonge n'kalitema. N'kamrudia mbio na sahani ya pilau."

"Na yeye?"

"Kala yote. Kasimama vivyo hivyo, kala yote, ndo n'kamfumua."

Alingoja nicheke. Sikucheka.

"Kwa nini asijifungue mwenyewe?"

"Mshono uko mgongoni, we mtoto. Angefikaje?"

Hapo nikapasuka. Nilisimama nikamwambia yote, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mtu mzima, na Kiswahili cha adabu kikanitoka kabisa.

"Aki Bibi, wewe unaona hii ni kuchekesha! Mimi pia nimeshonewa humu ndani! Mama yangu anakuwa kipofu. Anataka kuniona mara moja tu kabla macho hayajafunga, mara moja, na kila mtu akiletwa unamfukuza. Eti mikono inanuka kitunguu! Kila mtu anapika, Bibi! Si uniache niende?"

Alinitazama. Nasema alinitazama usoni, yeye ambaye macho yake huwa kwenye kwapa na pindo. Sikuwahi kumwambia habari za mama. Nilikuwa nimezoea kwamba mambo yetu sisi wafanyakazi hayaingii sebuleni.

"Anaona rangi?" aliuliza baadaye.

"Nani?"

"Mama'ako. Rangi anazitambua?"

"Za kuwaka tu. Nyekundu. Njano."

"Uzi anatia?"

"Aliacha mwaka jana."

"Pembeni kushafunga?"

"Ndiyo."

Filamu ikaisha, majina yakapanda hadi mwisho, hakuna aliyezima.

Sir aliporudi jioni nilikuwa jikoni nakata nyanya, na nikasikia Bibi anamwambia waziwazi, "Mpe huyu mtoto ruhusa ende kwao."

"Inshallah, Mama. Tukipata mtu."

"Nipe mtu yeyote. Mie ntakaa naye."

"Mama, ulilia siku nzima juzi. Unamtaka Nyambura."

"Ntakaa naye, nakwambia."

"Inshallah," alisema Sir, na kwa sauti yake nikajua limekwisha. Nikakata nyanya zilizobaki.

Sasa yaliyofuata yaliniumiza kuliko kungoja kwenyewe. Baada ya siku chache Bibi alibadilika. Asubuhi nilimpelekea uji akaniuliza mimi ni nani. Nilidhani anatania, nikamjibu, "Mtoto wa Bara." Akasema hamjui mtoto huyo, na uji hautaki. Kesho yake alikataa nimwoshe. Nikimgusa mkono aliuvuta. Nilipokaa kwenye kiti changu ili tutazame filamu aliniambia kiti kina mwenyewe, nikatazama nimesimama mlangoni. Sir akirudi alimkuta mama yake analia. "Sim'taki huyu," alimwambia. "Nikimwona roho inanikimbia. Mwondoshe."

Wenzangu wanaotunza wazee walikuwa wameniambia akili za wazee huweza kuondoka ghafla hivi, na anayechukiwa kwanza ni yule aliye karibu. Nilijieleza hivyo nikiwa nafua. Haikusaidia, nililia hata hivyo. Nilimshukuru Mungu kwa jambo moja, kwamba katika hasira zake zote hakusema nimemwibia wala nimempiga. Kule, neno kama hilo kutoka kinywani mwa mwajiri linaweza kukupeleka polisi kabla hujavaa viatu. Yeye alisema tu hanitaki, hanitaki, hanitaki.

Sir alivumilia alivyoweza. Alimpeleka kwa daktari, akabadilishiwa dawa, akarudi na kusema hanitaki. Aliacha kula chochote nilichokipika mimi. Alikula tende na maziwa tu, akazidi kukonda, na mwanawe hakustahimili kuliona hilo. Akamleta dada mmoja wa Tanga, mama mtu mzima mwenye mwendo wa taratibu. Nilijiandaa kwa vurugu. Bibi akamkaribisha, akala wali wake, akampa mkono amsaidie kuinuka. Hakuinusa ile mikono.

Nitasema ukweli, niliona wivu. Nilikuwa nimeomba siku hii, nimeililia, na ilipofika nilisimama pale na kitambaa cha vumbi mkononi nikitamani Bibi amwambie yule mama kitu kimoja kibaya, hata kidogo tu.

Sir alifuta viza yangu na kunikatia tiketi. Alinirudishia pasipoti ndani ya bahasha mpya, akaomba radhi mara kadhaa. "Si kosa lako, Nyambura. Ni umri. Please usimweke moyoni." Nilimwambia simweki. Asubuhi ya kuondoka niliingia sebuleni nimeshavaa nguo za safari, nikapiga magoti mbele ya kiti chake niubusu mkono wake kama nilivyomwona Sir akifanya siku za Idi. Aliuvuta, akauficha ndani ya kanga. Aligeuza uso kwenye ukuta.

"Huyu bado yupo?" alimuuliza yule dada wa Tanga. "Yalla, mtoeni."

Nikatoka. Sir alibeba begi langu hadi lifti, hajui aangalie wapi.

Mama alikuwa amekaa nje Molo, jua la asubuhi likimpiga upande wa jicho la kulia, kwa sababu mwanga ulikuwa unamsaidia. Nilikuwa nimevaa blauzi nyekundu. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua kabichi sokoni, akitafuta pale katikati ambapo bado palikuwa wazi, mpaka akanipata. Alikaa hapo muda mrefu. "Umenenepa mashavu," alisema. "Na una mvi moja hapa, nani amekupa mvi?" Kufikia mvua za mwisho wa mwaka, jicho lile nalo lilikuwa limefunga.

Hapo katikati nilipata kazi ya kutunza wazee Nakuru, nikaizoea. Nilikuwa na namba ya simu ya dada wa Tanga. Siku moja ya Idi nilimpigia kumtakia heri, na alipokuwa anaaga nikasikia nyuma yake sauti ninayoifahamu ikiuliza ni nani huyo.

"Ni Nyambura, Bibi. Yule wa zamani."

"Simjui," alisema Bibi kwa sauti kubwa, ile ya kusikika chumba cha pili. "Mie namjua Nyambura gani?"

Dada wa Tanga akacheka kwa aibu. Sauti ya Sir ilipita mahali fulani akiwaaga wageni, mlango ukafungwa. Halafu nikasikia simu inachukuliwa mkononi mwa mtu, na pumzi za Bibi karibu kabisa na sikio langu.

"Mtoto wa Bara."

Niliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama'ako kakuona?"

"Kaniona, Bibi." "Kaniona vizuri."

"Kabla hayajafunga?"

"Kabla hayajafunga."

"Khalas," alisema. Nikamsikia akishusha pumzi.

"Na wewe, Bibi?" nilimuuliza haraka, nikiogopa ataikata. "Wewe uko aje?"

"Mie?" alisema. "Mie nipo. N'ende wapi?"